Pole

Jumapili, saa kumi, uwanja wa Seksheni 58.
Vumbi la Nakuru limetulizwa na mvua ya jana,
na mimi, mtu wa zamu ya usiku,
nimelala saa mbili tu kwa kuwa niliahidi bembea.

Nyaboke ana miaka minne na barafu nyekundu ya shilingi kumi.
Anailamba kidogo kidogo, anaitunza kama mshahara.

Kisha mbwa. Rangi ya chai ya maziwa,
masikio yamelala nyuma kwa mbio,
hana kamba, hana hata mkanda shingoni,
na nyuma yake mwanamume anahema, kofia mkononi:
"Pole! Pole! Pole!"

Nikafikiri, huyu anaomba radhi kabla ya kosa.
Kumbe kosa lilikuwa limeshafika:
mtoto chini, goti limechubuka,
barafu mavumbini, na ulimi wa mbwa juu yake.

"Hana neno, mama. Huyu hana neno.
Anataka kucheza tu."

Hana neno.
Kila mwenye mbwa ana sentensi hiyo mfukoni,
mahali ambapo kamba ingekaa.

Nilimwambia niliyomwambia, mengine siyaandiki.
Nilimwambia uwanja ni wa watoto. Akasema ni wa kaunti.
Nilimwambia sheria imeandikwa langoni kwa rangi.
Akasema mbuzi hula maua hapo kila siku
na hakuna aliyewahi kuwasomea hiyo sheria.
Kina mama wa benchi wakaja upande wangu na chupa zao za uji,
vijana wawili wenye mbwa wa Kijerumani wakaenda upande wake,
na muuza njugu akasogea katikati, biashara ikachangamka.

Hawakujua, na sikuwaambia,
kwamba mwaka juzi, wodi ya watoto,
nilimshikia kikombe kijana wa Njoro
aliyekuwa na kiu na aliyakimbia maji.
Mama yake akiniuliza, mbona hanywi, sista, mbona hanywi.
Mbwa mwenyewe alikuwa wa jirani, alisema.
Hakuwa na neno.

"Angalau ungesema pole," nikamwambia yule bwana.
Akanitazama kama niliyemtonesha kidonda.
"Pole ni jina lake."

"Mbwa gani huitwa Pole?"

Akaikunja kofia. Sigilai, wa posta zamani, nyumba ya kona.
Wiki aliyozikwa Tabutany, alisema,
watu waliingia, watu walitoka, pole, pole sana,
neno likajaa sebuleni hata pa kukaa hapakuwa.
Kitoto hiki cha mbwa kiliingia na waombolezaji,
hakuna aliyejua ni cha nani.
Kila likitajwa neno lile kilisimamisha masikio.
Kilidhani kinaitwa.
Wageni walipokwisha, likabaki neno, kikabaki nacho.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu.
Lakini goti lilikuwa linavuja damu,
nikampeleka mtoto mferejini.
"Na sindano amechomwa?" niliuliza bila kugeuka.
Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko nilivyotaka.

Jumatano akafika hospitalini na kadi,
mhuri wa daktari wa mifugo haujakauka vizuri.
Akaipitisha dirishani kama barua ya rejista
na kungoja nitie sahihi.

Leo amekuja na kamba.
Ya kuanikia nguo, ya bluu, vibanio viwili vimesahaulika juu yake.
Ameizungusha mkononi mara tatu hadi vidole vimepauka,
na mbwa anatembea kama mtu mwenye viatu vya kuazima.
Wale vijana bado wanawaachia wao wakimbie.
Sijamsalimu. Nimemshika Nyaboke kifundo cha mkono, kwa nguvu.

Tunapopishana karibu na bembea
mtoto anasimama, anaitazama kamba, anasema,
kwa sauti ya mtu mzima anayeingia matangani:
"Pole."

Wanageuka wote wawili.